Uhariri wa vitabu: Ufundi, mipaka na ujira wa mhariri wa kujitegemea

Mhariri wa vitabu wa kujitegemea ni mtaalamu apokeaye miswada kutoka kwa wachapishaji, waandishi au mashirika, akaihariri au kuisomea prufu kwa ujira wa kazi hiyo moja, pasipo kuwa mwajiriwa wa yeyote kati yao. Hana afisi katika jengo la mchapishaji, wala hana mshahara wa mwisho wa mwezi. Hata hivyo, vitabu vingi vya Kiswahili vilivyomo madarasani na madukani humu nchini vimepitia mikononi mwake kabla ya kufika mitamboni.

Chanzo cha hali hii ni kalenda. Wachapishaji wa Kenya hutegemea zaidi soko la vitabu vya shule. Taasisi ya Ukuzaji Mitaala (KICD), ambayo mwaka 2013 ilichukua mahali pa Taasisi ya Elimu (KIE), inapotangaza kwamba inapokea miswada ya gredi fulani, kila kampuni hujikuta na vitabu vya masomo mengi vinavyotakiwa kuwa tayari kwa siku moja. Wahariri wachache walioajiriwa hawawezi kuibeba kazi yote hiyo. Muda wa kuwasilisha ukishapita, kazi hupungua, na kampuni haioni sababu ya kulipa mishahara ya watu wa kukaa bure. Ndiyo maana simu za wahariri wa nje hulia kwa fujo kwa miezi michache, kisha zikanyamaza.

Uzito wa kazi hii umeongezeka tangu Serikali ianze, mwaka 2018, kununua vitabu vya kiada moja kwa moja kutoka kwa wachapishaji na kuvisambaza katika shule za umma, badala ya kuziachia shule fedha za kujichagulia vitabu. Zamani kosa katika kitabu liliwapata wanafunzi wa shule zilizokuwa zimekichagua. Sasa kitabu kilichoshinda zabuni huchapwa kwa wingi na kupelekwa katika shule za maeneo mapana, na kosa lake huandamana nacho. Mwaka huo huo wa 2018 malalamiko yalisikika hadharani kuhusu makosa katika baadhi ya vitabu vipya. Lawama ziliwaendea waandishi, wachapishaji na KICD. Ni wachache waliouliza mswada ulihaririwa na nani, kwa siku ngapi na kwa malipo gani.

Sisi wa magazetini tuna nafuu, kwani kosa la leo hufunikwa na toleo la kesho. Kitabu cha kiada hukaa darasani miaka kadhaa, na mtoto anayekisoma hana sababu ya kukishuku.

Kazi yenyewe si ngeni. Wachapishaji wakongwe kama Jomo Kenyatta Foundation, iliyoanzishwa mwaka 1966, na Kenya Literature Bureau, iliyorithi shughuli za East African Literature Bureau baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977, walikuwa na idara za uhariri ambamo kijana alifunzwa kazi na waliomtangulia. Marehemu Henry Chakava, aliyefariki mwaka 2024, aliingia Heinemann jijini Nairobi mwaka 1972 akiwa mhariri. Baadaye aliiongoza kampuni hiyo, ambayo mwaka 1992 iligeuka kuwa East African Educational Publishers. Mhariri wa kujitegemea wa leo hana mkubwa aliyeketi dawati la pili wa kumuuliza. Hulazimika kujua mwenyewe kazi inaanzia wapi na inaishia wapi.

Kuhariri si kusoma prufu

Wateja wengi, hasa waandishi wanaojichapishia, huyatumia maneno haya mawili kana kwamba ni kitu kimoja. Mhariri asipoyatenganisha mapema, atafanya kazi tatu kwa malipo ya moja.

Uhariri wa kina hushughulikia maudhui na mpangilio. Je, sura ya tatu yapaswa kutangulia ya pili? Je, mhusika aliyekufa ukurasa wa 40 anafanyaje harusi ukurasa wa 90? Je, zoezi linauliza jambo ambalo halijafundishwa? Uhariri wa lugha huja baadaye, nao huangalia sarufi, tahajia, uakifishaji na uwiano wa istilahi sentensi baada ya sentensi. Kazi hizi mbili hufanywa mswada ukiwa bado ni maandishi ya kawaida ambayo yaweza kukatwa na kupanuliwa.

Prufu ni jambo jingine kabisa. Hizi ni kurasa ambazo msanifu amekwisha kuzipanga, zikiwa na picha, vichwa na nambari zake. Msomaji prufu halindi mtindo wala hoja; hizo zilikwisha kuamuliwa. Hutafuta herufi iliyodondoka, mstari uliorudiwa, picha iliyowekewa maelezo ya picha nyingine, kichwa cha sura kisichofanana na kilichomo katika ukurasa wa yaliyomo, na majibu ya zoezi la 5 yaliyopewa nambari ya zoezi la 6. Akianza kuzipamba sentensi upya katika hatua hii, aya hurefuka na kusukuma ukurasa unaofuata. Vitabu kwa kawaida huchapwa katika mikunjo ya kurasa 16, hivyo kitabu cha kurasa 96 ni mikunjo sita kamili. Aya moja iliyorefushwa bila sababu yaweza kuzaa ukurasa wa 97, na mpigachapa hana mahali pa kuuweka.

Udogo wa kosa la prufu haupimi madhara yake. Mwaka 1631 wapigachapa wa London, Robert Barker na Martin Lucas, walitoa Biblia ya Kiingereza ambayo neno moja tu la kukanusha lilidondoka katika amri ya saba, ikawa yaamrisha zinaa. Walitozwa faini ya pauni 300. Katika Kiswahili hatari hiyo ni kubwa zaidi, maana ukanushi wetu si neno bali ni silabi iliyojificha ndani ya kitenzi. Tofauti ya "dawa inayofaa" na "dawa isiyofaa" ni herufi chache, na sentensi zote mbili hazina kosa la tahajia.

Mwandishi naye hawezi kuifanya kazi hii mwenyewe. Kinyozi hajinyoi. Aliyeandika husoma kile alichokusudia, si kile kilichomo karatasini.

Mitego ya Kiswahili

Vitabu vya mafunzo ya uhariri vilivyojaa sokoni vimeandikwa kwa ajili ya Kiingereza, na mhariri wa Kiswahili akivifuata bila kuvipima atapotea. Katika Kiingereza waweza kuondoa nomino moja na kuweka kisawe chake, kisha ukaendelea na safari yako. Katika Kiswahili nomino huburuta sentensi nzima. Ukibadilisha "gari" kuwa "motokaa" katika sentensi "gari lililonunuliwa jana limeharibika", sharti uandike "motokaa iliyonunuliwa jana imeharibika". Mhariri aliyechoka hubadilisha nomino na kusahau mkia wake. Makosa mengi ya upatanisho wa kisarufi katika vitabu vilivyochapishwa si ya waandishi. Yamezaliwa katika uhariri.

Kadhalika, ile amri ya tarakilishi ya kubadilisha neno kote mswadani kwa mkupuo ni moto wa kuotea mbali. Mwandishi akiamua mhusika wake Juma sasa aitwe Ali, na mhariri akaitoa amri hiyo bila kutazama, Jumatano itageuka "Alitano" na Jumamosi kuwa "Alimosi".

Tarakilishi iliyowekewa lugha ya Kiingereza huupigia mstari mwekundu karibu kila neno la Kiswahili, hata mhariri akazoea kutoijali mistari hiyo, likiwamo neno lililokosewa kweli. Na hata programu inayokijua Kiswahili haiwezi kuona kosa pale ambapo maneno yote mawili yamo kamusini. Gazeti au kitabu kikisema kwamba Serikali "imethibitisha" kipindupindu, kimetangaza mkurupuko. Kikisema "imedhibiti" kipindupindu, kimetangaza ushindi. "Thamini" na "dhamini" ni vivyo hivyo, na "rithi" na "ridhi". Waandishi ambao lugha zao za kwanza hazitenganishi sauti hizi huandika wanavyosikia, na msomaji prufu wa jamii hiyo hiyo huenda asihisi lolote. Ni vyema kila mhariri aijue kasoro ya sikio lake mwenyewe, aiandike, na aitafute makusudi katika kila mswada.

Tuje kwenye ukataji wa maneno mwishoni mwa mstari. Silabi za Kiswahili huishia kwa irabu, isipokuwa chache kama ile "m" ya "mtu". Programu za usanifu zikiachwa katika kanuni za Kiingereza hukata "mchun-gwa" badala ya "mchu-ngwa". Nimewahi kuona "kitambaa" kikikatwa "kitam-baa", na mstari uliofuata ukaanza kwa baa. Isitoshe, kibainishi cha "ng'" hupotea mara kwa mara maandishi yanapohamishwa kutoka programu moja hadi nyingine. Kung'oa ni kung'oa. Ngoa ni wivu.

Katika vitabu vilivyotafsiriwa, saa ndicho kipimo cha haraka cha umakini wa mfasiri. Saa 8.00 za asubuhi za Kiingereza ni saa mbili asubuhi, lakini "saa nane asubuhi" bado hujipenyeza hata katika maagizo ya dawa. Mhariri akikuta moja, na azikague zote.

Suala la kamusi husababisha mabishano yasiyo ya lazima. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI ilitoka kwa mara ya kwanza mwaka 1981 na toleo la pili likaja 2004. Baadaye zimekuja nyingine, ikiwamo Kamusi ya Karne ya 21 ya mwaka 2011 na Kamusi Kuu ya Kiswahili ya BAKITA ya mwaka 2015, na haziafikiani katika kila neno. Wengine huandika "mathalan" na wengine "mathalani". Wako wa "ninyi" na wako wa "nyinyi". Isitoshe, kitabu cha Kenya husema shule ya upili na tarakilishi, ilhali cha Tanzania husema shule ya sekondari na kompyuta. Hakuna haja ya kupigania ipi ni bora. Mhariri na amuulize mteja kamusi anayoifuata na nchi ya wasomaji wake, kisha aandike katika karatasi moja kila uamuzi alioufanya: tahajia, ngeli za maneno yenye utata, uandishi wa tarakimu, matumizi ya herufi kubwa. Karatasi hiyo huambatishwa kwenye mswada ili msomaji prufu asiyajenge upya yaliyokwisha kujengwa.

Na kuna yasiyopaswa kuguswa. Mshairi wa Mombasa akiandika "mato" badala ya "macho", au "nti" badala ya "nchi", hajakosea. Hiyo ni Kimvita, na ina haki yake. Katika tarbia yenye mizani 16 kwa kila mshororo, mhariri akibadilisha "ila" kuwa "isipokuwa" amegeuza mizani mbili kuwa tano, na bahari nzima imechafuka. Inkisari, mazida na kuboronga sarufi ni uhuru ambao kila mtahiniwa wa KCSE hufundishwa kuutambua. Si ajabu kumkuta mhariri aliyeusahau. Sheng nayo, ikiwa kinywani mwa utingo wa matatu katika riwaya, na iachwe. Iking'ang'ania katika maelezo ya mwandishi bila sababu, mhariri aulize kwa maandishi ya pembeni, asiifute kimyakimya.

Kuuliza ndiyo nusu ya ufundi huu. Mswada ni mali ya mwandishi, na mhariri mwenye adabu ya kazi huacha kila badiliko lionekane ili mwenyewe aweze kulikataa.

Ujira, mkataba na kodi

Hakuna kiwango cha chini kilichowekwa kisheria kwa mhariri asiyeajiriwa, na hii ndiyo sababu bei hutofautiana kupita kiasi. Wachapishaji wengi hulipa kwa ukurasa. Tatizo ni kwamba ukurasa hauna kipimo. Ukurasa wa kitabu cha gredi ya kwanza wenye picha ya jogoo na maneno kumi haulingani na wa kitabu cha historia. Afadhali kuhesabu maneno na kuchukulia kila maneno 250 kuwa ukurasa mmoja.

Tuchukue mswada wa maneno 60,000. Hizo ni kurasa 240. Tuseme mhariri, kwa mswada wa ugumu wa wastani, humaliza kurasa tano kwa saa. Atahitaji saa 48. Macho ya binadamu hayadumu makini zaidi ya saa sita kwa siku katika kazi hii, kwa hivyo hizo ni siku nane kamili, na hapo amepita mara moja tu. Anayekubali kuumaliza mswada huo kwa siku tatu amekubali pia kutousoma. Kasi yenyewe haikisiwi. Hupimwa kwa kuhariri kurasa kumi kabla ya kutaja bei, na kurasa hizo zitolewe katikati ya mswada. Sura ya kwanza huwa imesuguliwa na mwandishi mara nyingi na haisemi ukweli kuhusu yaliyofuata.

Makubaliano yawekwe katika maandishi, hata kama ni barua ya ukurasa mmoja. Yataje idadi ya maneno, aina ya uhariri, mara ngapi mswada utarudi, tarehe za pande zote mbili, kiasi cha malipo ya awali na siku za kulipwa salio baada ya ankara kupokelewa. Kipengele cha mwisho hupuuzwa sana. Wako wachapishaji wanaomlipa mhariri baada ya wao kulipwa na Serikali, na mhariri ambaye barua yake haitaji siku yoyote hubaki akingoja hazina ya taifa kana kwamba ni yeye aliyeshinda zabuni. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kijana anayeianza kazi hii huogopa kudai asije akaonekana msumbufu. Malipo ya awali ya thuluthi moja si usumbufu.

Ikishindikana kabisa, ipo Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 2016 na kuanza kusikiliza kesi Nairobi mwaka 2021. Husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Mdai aweza kujiwakilisha bila wakili. Barua ya makubaliano, ankara na barua pepe za mazungumzo ndizo ushahidi wake.

Kwa upande wa kodi, malipo ya huduma za kitaalamu yanayofikia shilingi 24,000 kwa mwezi hukatwa asilimia 5 na anayelipa, ambaye huziwasilisha fedha hizo kwa KRA. Mwenye ankara ya shilingi 40,000 atapokea 38,000. Zile 2,000 hazijapotea. Ni kodi iliyolipwa mapema kwa jina lake, na huhesabiwa anapowasilisha taarifa ya mapato kabla ya Juni 30. Ahakikishe amepata cheti chake. Wachapishaji pia hudai ankara ya mfumo wa eTIMS, kwani tangu Januari 2024 gharama isiyo na ankara hiyo kwa kawaida haikubaliwi na KRA katika hesabu za kodi.

Wateja wengine

Nje ya wachapishaji wako waandishi wanaojichapishia, makanisa na misikiti, mashirika yasiyo ya kiserikali na wanafunzi wa vyuo vikuu. Anayejichapishia huhitaji ushauri zaidi ya uhariri. Mara nyingi hajui hata kwamba nambari ya ISBN nchini hutolewa na Huduma ya Maktaba za Kitaifa (KNLS). Mwanafunzi ahudumiwe kwa tahadhari. Kusahihisha lugha ya tasnifu ni uhariri. Kuandika sura yake ya pili ni udanganyifu, hata kama mteja anauita "kunyoosha kidogo". Mhariri na adai idhini ya maandishi ya msimamizi kabla ya kuugusa mswada.

Swali jipya ni programu za akili unde. Zinasaidia kunasa neno lililorudiwa na koma iliyopotea, lakini huwa na mazoea ya kusawazisha kila sauti, hata kumfanya bibi wa Lamu na karani wa Nairobi wazungumze namna moja. Zaidi ya hayo, kuupakia mswada usiochapishwa katika huduma ya mtandaoni ni kuutoa mikononi mwa mwenyewe. Jambo hilo lahitaji ruhusa yake, na liandikwe katika mkataba.

Anayetaka kuingia katika kazi hii aweza kuanzia chuoni. Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, kimefundisha taaluma ya uchapishaji kwa miaka mingi, na shahada ya Kiswahili kutoka chuo chochote ni msingi mzuri. Lakini wachapishaji hawaajiri cheti. Humpa mgeni kurasa chache za majaribio zilizojaa makosa, na wanayemtafuta si yule aliyeweka alama nyekundu nyingi kuliko wenzake. Huhesabu makosa aliyoyaacha, kisha wakahesabu mambo sahihi aliyoyaharibu, na hesabu hii ya pili ndiyo inayowaangusha wengi. Akifaulu, jambo la kuomba mapema ni jina lake litajwe katika ukurasa wa hakimiliki pamoja na la msanifu na mchora picha. Kampuni kadhaa hukubali zikiombwa kabla ya prufu ya mwisho, na huo ukurasa mmoja ndio barua ya kumtambulisha kwa mteja anayefuata.